Lugha ya Nyumbani Katika Darasa la Kwanza: Mfano wa Handeni na Korogwe

Mwalimu mwanafunzi afanyaye mazoezi ya kufundisha mjini Korogwe, au katika vijiji vilivyo kando ya reli na mashamba ya mkonge, hupata watoto waliokwisha kuzoea Kiswahili kabla ya kuanza shule. Kazi ya mkonge iliwakusanya huko watu wa makabila mengi, nao wakahitaji lugha moja ya kuelewana. Lakini mwalimu huyo huyo akipangiwa kazi katika nyika ya Handeni, ambako kaya zimetawanyika na shule ziko mbalimbali, huenda akakuta darasa la namna nyingine. Humo wamo watoto wa Kizigua na watoto wa wafugaji wa Kimasai. Tena, tangu mwaka 2022 familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimehamishiwa katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, na watoto wao wanasoma huko.

Tuchukue mfano. Mwalimu anaonyesha kikombe cha maziwa na kuuliza, "Ndani ya kikombe hiki mna nini?" Mtoto wa Kimasai anajibu, "Kule." Wenzake wanacheka, na mwalimu anaandika moyoni kwamba mtoto huyu ni mzito wa kuelewa. Kumbe kwa Kimasai maziwa huitwa *kule*. Mtoto alielewa swali na akajibu sawasawa. Akichekwa mara tatu hatajibu tena, na kunyamaza huko ndiko mwanzo wa utoro.

Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa Darasa la Kwanza asiikataze lugha ya nyumbani wala asiiadhibu, bali aitumie kama daraja la kumfikisha mtoto kwenye Kiswahili. Sisemi kwamba Kiswahili kiachwe. Kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, nacho kimetuunganisha. Swali ni njia ipi humfikisha mtoto huko bila kumpoteza njiani.

Daraja hilo halifanani kwa watoto wote. Mtoto wa Kizigua anazungumza lugha ya Kibantu iliyo jirani ya Kiswahili. Yeye husema *mazi* pale tusemapo *maji*, na mpango wa ngeli anao tayari kichwani. Huyu anahitaji zaidi msamiati na matamshi. Mtoto wa Kimasai hana ngeli za namna yetu, kwani majina ya lugha yake hugawanywa kwa jinsia, ya kiume kwa *ol-* na ya kike kwa *en-*. Ng'ombe mmoja kwake ni *enkiteng'*, na wengi ni *inkishu*. Sisi twasema "ng'ombe" kwa mmoja na kwa mia. Akisema "kitabu yangu", hilo si kosa la uzembe. Anahitaji mazoezi mengi ya upatanisho wa maneno, kwa mdomo na kwa vitu halisi, kabla ya kudaiwa kuandika.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kaskazini kabisa mwa Finland, mpakani na Norway, iko wilaya ya Utsjoki yenye watu wapatao 1,200 tu, na wengi wao ni Wasami, ambao miongoni mwao wamo wafugaji wa kulungu wa baridi. Kwa vizazi kadhaa watoto wa Kisami walifundishwa kwa Kifini, wengi katika shule za bweni mbali na wazazi, na baadhi walikua wakiionea haya lugha yao. Sheria ya kwanza ya lugha ya Kisami ilianza kutumika huko mwaka 1992, na leo mtoto aweza kufundishwa shuleni kwa Kisami. Sisi hatuna uwezo wa kufanya hivyo kwa kila lugha ya nchi hii, lakini twaweza kujifunza kuepuka ile aibu.

Wapo watakaouliza: mwalimu aliyetoka Kagera au Mtwara atakijuaje Kimasai? Hahitaji kukijua chote. Nashauri mambo manne. Kwanza, awe na daftari la maneno hamsini ya lugha za darasa lake, ayakusanye kwa watoto wenyewe na kwa wazee. Pili, majuma ya kwanza yawe ya mazungumzo, kwa kutumia zana zinazofahamika nyumbani: kibuyu, jembe, fimbo, maziwa, mahindi. Tatu, mwanafunzi wa darasa la juu anayejua lugha zote mbili asaidie kufasiri pale maelezo yanapokwama. Nne, watoto wa Kizigua na wa Kimasai wakae pamoja, kwani Kiswahili ndicho kitakachowawezesha kucheza na kusemezana.

Ndugu mwanachuo, unapotayarisha andalio la somo lako la kwanza huko Handeni, usianze kwa kuorodhesha yale mtoto asiyoyajua. Anza kwa kuuliza anajua nini, na kwa lugha gani. Akijibu neno usilolifahamu, mwulize maana yake mbele ya wenzake, uliandike ubaoni, kisha uliandike la Kiswahili kando yake.