Nalala Sinza, Sikai Jijini

Kila asubuhi konda wa daladala hupiga kelele "mjini, mjini", nami napanda. Hajui kwamba anasema ukweli wa kisheria. Tangu Februari 2021, Sinza ninapolala ni Manispaa ya Ubungo, na Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala, basi. Temeke si Jiji. Kinondoni si Jiji. Kigamboni, ng'ambo ya maji, si Jiji. Mkazi wa Pugu ni mwanajiji, mkazi wa Mwenge siye. Mama yangu mdogo, anayekaa Gongo la Mboto, hunitania kwamba nikija kwake nivae vizuri maana nakuja jijini.

Tunacheka, lakini nina hasira. Baraza la jiji hili limevunjwa mara tatu tangu Uhuru, na mara zote tatu mpiga kura alipata habari kama abiria anavyoambiwa gari limeharibika: shukeni.

Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dar es Salaam ilikuwa imepewa hadhi ya jiji Desemba 1961, na kabla ya hapo ilikwishapata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi. Kisha ikaja sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo hadi leo sijui lilimkejeli nani, kwa sababu madaraka yaliondolewa kwa waliochaguliwa yakakabidhiwa watumishi waliotumwa na serikali kuu. Miji ikaoza. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa.

Mara ya pili ni 1996. Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikashika usukani. Hapa wazee wa mtaani kwetu hunikatiza. Wewe mtoto, wanasema, hukuiona Dar ya kabla ya Keenja: takataka hadi mlangoni, mashimo yenye vyura. Nakubali. Tume ilisafisha. Lakini wanaotumia mfano huo husahau kipande cha pili: mwaka 2000 Keenja mwenyewe aligombea ubunge, hapa hapa Ubungo, akashinda. Kumbe aliyeendesha jiji bila kura aliweza kuja kuomba kura na kuzipata. Kwa nini basi tuliambiwa usafi na uchaguzi havikai nyumba moja?

Mwaka huo wa 2000 jiji lilirudi likiwa limegawanywa: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji ya kuratibu. Hiyo ya juu haikuwa na kata hata moja. Wajumbe wake walitoka kwenye mabaraza ya manispaa, na meya wake alichaguliwa na madiwani na wabunge. Sisi tulimchagua diwani, naye akaenda Karimjee kumchagua meya. Kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika, maana chama kilikuwa kimoja huku na kule.

Halafu ukaja Oktoba 2015. Wapinzani walichukua majimbo sita kati ya kumi ya Dar es Salaam: Kawe, Kibamba, Ubungo, Kinondoni, Ukonga na Temeke. Madiwani wao nao walikuwa wengi. Hesabu ya meya ilikuwa ya darasa la tatu. Lakini uchaguzi wa meya uliahirishwa, ukaahirishwa tena, mara likatajwa zuio la mahakama, mara ikabishaniwa nani ana haki ya kupiga kura kati ya wabunge wa viti maalumu. Ilikuwa Machi 2016, miezi mitano baadaye, ndipo Isaya Mwita wa CHADEMA alipochaguliwa. Siku hiyo niliamini kwamba ule mnyororo mrefu kutoka kidole changu chenye wino hadi Karimjee unafanya kazi.

Ulikatwa pingili moja moja. Mbunge wa Kinondoni alihamia CCM mwishoni mwa 2017, wa Ukonga na wa Temeke wakafuata mwaka 2018. Wote watatu walirudi kwenye viti vile vile wakiwa na sare mpya. Ya Kinondoni siwezi kuipita haraka. Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi huo wa marudio, polisi walikuwa wakitawanya waandamanaji wa CHADEMA waliokuwa wakidai barua za mawakala wao, na mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala akapigwa risasi, akafa. Alikuwa abiria tu. Kiti kilichogombewa kilikuwa kimekwishajazwa na wapiga kura mwaka 2015. Mwenye nacho aliamua tu kubadili rangi.

Januari 2020 Mwita akaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, katika kikao ambacho idadi ya waliotakiwa kupiga kura hiyo ilibishaniwa hadharani. Oktoba mwaka huo CCM ikachukua majimbo yote kumi. Na miezi minne baadaye, wakati hakuna mpinzani wa kumwogopa, Rais Magufuli akaivunja Halmashauri yenyewe.

Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama: baraza lisilo na eneo, linalochangiwa na manispaa, fedha zinaishia kwenye posho. Nitawashangaza: sababu hiyo ni ya kweli. Baraza lisilo na mpiga kura wake litamwogopa nani? Ila dawa ya baraza lisilo na wapiga kura ni kulipa wapiga kura. Bonde la Msimbazi likifurika halisomi mipaka ya manispaa, na foleni ya Morogoro Road haibadiliki ukivuka kutoka Ubungo kwenda Ilala. Mkuu wa Mkoa anaratibu, utaniambia. Ndiyo, na anateuliwa.

Wapo watakaoniambia niitazame Nairobi, wanakomchagua gavana moja kwa moja tangu 2013 na bado wamepata vituko, hadi mmoja kung'olewa na Seneti mwaka 2020. Nimeitazama. Aling'olewa na watu waliochaguliwa, na miaka miwili baadaye wananchi wakapanga foleni kumchagua mwingine.

Mwaka 2015, kwenye chumba cha darasa, nilipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge, ya diwani. Masanduku matatu yalipangwa ukutani. Nadai karatasi ya nne, ya meya wa Dar es Salaam nzima, kutoka Bunju hadi Chanika hadi Kigamboni. Pale ukutani nafasi ya sanduku la nne ilikuwepo. Walikuwa wameegesha ufagio.