Mtaala Mpya na Lugha za Jamii: Anachobeba Mtoto wa Kamachumu Aingiapo Darasani

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, iliyozinduliwa jijini Dodoma Februari 1, 2025 na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, imeongeza muda wa elimu ya lazima hadi miaka 10. Sambamba na hilo, mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umeipa shule jukumu lililo wazi zaidi la kumlea mtoto katika utamaduni wa nchi yake. Wanafunzi wa Darasa la I na la II wana somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekuwa la lazima katika madarasa yanayofuata.

Kwa wananchi wa Kamachumu, wilayani Muleba, mabadiliko hayo yanaibua swali la msingi. Utamaduni ambao mtoto wa huko anatakiwa kujifunza umehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika Ruhaya, lugha ya wazee wake. Lugha ya kufundishia katika elimu ya awali na msingi ni Kiswahili, na mtoto huyohuyo akifika sekondari atafundishwa kwa Kiingereza. Yuko mtoto anayeanza shule akiwa amezoea Ruhaya kuliko Kiswahili, hivyo hulazimika kujifunza kusoma na kujifunza lugha kwa wakati mmoja. Yuko pia mwenzake, hasa aliyekulia mjini, anayezungumza Kiswahili fasaha lakini hawezi kufuatilia simulizi ya bibi yake anaporudi kijijini kwa likizo. Wa kwanza yuko katika hatari ya kukosa elimu ya darasani, na wa pili yuko katika hatari ya kukosa elimu ya nyumbani.

Utafiti unasema nini

Suala hili limefanyiwa utafiti ndani ya Mkoa wa Kagera wenyewe. Mwaka 2004, mtafiti Åsa Wedin wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Sweden, alikamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu usomaji na uandishi ndani na nje ya shule za msingi wilayani Karagwe, ambako lugha ya nyumbani ni Runyambo, lugha iliyo karibu sana na Ruhaya. Utafiti huo ulionesha kuwa pale watoto wasipoielewa vyema lugha ya darasani, mwalimu na wanafunzi hujikuta wakitegemea njia zinazolinda mwenendo wa somo: kuitikia kwa pamoja, kurudia maneno ya mwalimu na kunakili kutoka ubaoni. Somo huonekana kuendelea vizuri, ilhali uelewa wa mtoto mmojammoja haujulikani.

Matokeo hayo hayamlaumu mwalimu, ambaye mara nyingi anafundisha darasa kubwa na anatekeleza wajibu wake kwa nyenzo alizonazo. Yanachoonesha ni kwamba ufasaha wa mtoto katika lugha ya nyumbani, ikiwemo uwezo wake wa kusimulia, kueleza na kuhoji, ni mtaji ambao shule inaweza kuutumia kumfikisha kwenye Kiswahili. Mtaji huo usipotumika, mtoto huanza upya kana kwamba hakuja na chochote.

Maarifa yaliyomo katika maneno

Thamani ya lugha ya jamii haiishii katika kumsaidia mtoto kuvuka kwenda Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, alifanya utafiti katika nchi ya Wahaya. Simulizi za wazee ndizo zilizomwelekeza Katuruka, katika Wilaya ya Bukoba, ambako uchimbaji ulibaini mabaki ya shughuli za kuyeyusha chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978, yeye na mhandisi Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoivutia dunia kuhusu ustadi wa kale wa ufuaji chuma katika eneo hilo. Kama simulizi hizo zingekuwa zimesahaulika, ushahidi huo ungeweza kubaki ardhini hadi leo.

Katika kilimo hali ni hiyohiyo. Mkulima wa Kihaya huigawa ardhi kwa majina yenye mafunzo ndani yake. Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba, kahawa na maharage, ambalo rutuba yake imejengwa kwa vizazi kadhaa kwa samadi na nyasi. Rweya ni uwanda wa nyasi wenye udongo hafifu, unaotumika kwa malisho na kwa kupata nyasi za kutandaza kibanjani. Kati ya hayo mawili kuna kikamba, shamba ambalo bado halijafikia hadhi ya kibanja. Mtoto anayejua maneno hayo matatu na sababu za kutofautishwa kwake tayari amepata somo la udongo na mazingira. Maneno hayo yakipotea, maarifa hayo yatalazimika kufundishwa upya kutoka vitabuni.

Hatua zilizokwishachukuliwa

Wataalamu wa Tanzania hawakuikalia kimya hali hii. Prof. Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka mingi kukusanya na kuchambua tendi zinazoimbwa na mafundi wa enanga, zeze la Wahaya, na kuonesha kuwa ni fasihi yenye hadhi sawa na tendi za mataifa mengine. Kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania wa chuo hichohicho, Prof. Henry Muzale alitoa mwaka 2006 kamusi ya Ruhaya, Kiingereza na Kiswahili, na mwaka 2009 mradi huo ulichapisha atlasi iliyoorodhesha takriban lugha 150 zinazozungumzwa nchini. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 nayo inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na inahimiza utafiti, uandishi na uhifadhi wake.

Uzoefu wa nje pia una la kufundisha. Indonesia, ambayo viongozi wake na wa Tanzania walitembeleana kati ya Agosti 2023 na Januari 2024, ina lugha zaidi ya 700. Kama Tanzania, haikuchagua lugha ya kabila lenye watu wengi zaidi, yaani Kijava, kuwa lugha ya taifa. Vijana wake, katika kiapo cha mwaka 1928, waliikubali lugha yenye asili ya Kimalei, ambayo leo ndiyo Kiindonesia. Hata hivyo, Katiba ya nchi hiyo inaitaka Serikali kuziheshimu na kuzitunza lugha za maeneo, na shule hutenga nafasi ya kufundisha mambo ya eneo husika, zikiwemo lugha. Mwaka 2022, wizara yake ya elimu ilianzisha mpango wa kuzihuisha lugha hizo kupitia wanafunzi. Umoja wa taifa hilo haukudhoofika kwa hatua hizo.

Tanzania ina sababu ya pekee ya kuilinda nafasi ya Kiswahili. Ndiyo lugha iliyoyaunganisha makabila zaidi ya 120, na tangu mwaka 2021 UNESCO imeitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani. Lakini Kiswahili chenyewe kimestawi kwa kuchota kutoka lugha za jamii. Neno kung'atuka, lililoenea katika siasa za nchi, lilitoka katika Kizanaki. Kukauka kwa lugha hizo ni kukauka kwa chemchemi mojawapo ya Kiswahili.

Nafasi iliyopo ndani ya sera

Yapo mambo yanayoweza kufanyika Kamachumu bila kubadili lugha ya kufundishia. Somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo linaweza kumkaribisha mzee wa kijiji kusimulia kwa Ruhaya, kisha wanafunzi wakasimulia upya kwa Kiswahili. Mwalimu wa awali anaweza kutumia neno la nyumbani kama daraja la kufikia neno jipya. Maofisa utamaduni wa halmashauri wanaweza kurekodi simulizi, methali na majina ya mahali kabla wenye kuyajua hawajaondoka.

Sehemu iliyobaki ni ya wazazi. Hakuna mtaala unaoweza kuzungumza na mtoto jikoni au kibanjani kwa niaba yao. Mzazi anayeacha kuzungumza Ruhaya na mwanawe kwa kudhani kuwa itamchelewesha shuleni anamnyima mtoto lugha moja bila kumwongezea nyingine, na pengo hilo shule haiwezi kulijaza peke yake.