Mkaa wa Mifupa na Meno ya Watoto Wetu

Mwalimu yeyote wa Nakuru au Njoro ameyaona meno ya wanafunzi yenye madoa ya hudhurungi. Huo si uchafu. Ni athari ya floraidi, madini yatokayo katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vyetu vingi huvuka hapo. Kuchemsha hakufai kitu: maji hupungua, floraidi hubaki.

Mwaka 1998 Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kutengeneza mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo huchomwa tanuruni kwa hewa kidogo. Chembe zake zina vitundu visivyohesabika, nazo huinasa floraidi maji yanapopita. Lakini chembe hizo hushiba. Zikishashiba, maji hupita na floraidi yake, yakiwa maangavu vilevile, na ulimi hautambui.

Hapo ndipo penye lawama yangu. Tunapokea chujio kwa hotuba na picha, kisha bajeti ya shule haitengi hata senti ya kupima maji wala kubadilisha mkaa. Wazazi nao hudhani watoto wamekingika. Kamati za shule ziiweke gharama hiyo kando ya chaki na madaftari, na mwalimu wa sayansi aandike tarehe ya kipimo kijacho juu ya chujio lenyewe.