Namba ya Kiatu Haimtoshi Mwendesha Baiskeli

Dukani swali huwa ni lile lile: "Unavaa namba ngapi?" Mteja akijibu 42, boksi linashushwa, anajaribu kiatu akiwa ameketi kwenye stuli, anachezesha vidole kidogo, pesa inatoka. Kwa kiatu cha kwendea kazini utaratibu huo hauna ubaya. Kwa kiatu cha baiskeli, mwenye mguu mwembamba anaondoka na hasara ambayo ataigundua akiwa barabarani.

Namba ya Ulaya hupima urefu tu. Kila namba moja ikiongezeka, kiatu hurefuka kwa thuluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Upana wa wayo, unene wa kisigino na kimo cha mgongo wa mguu havimo kabisa. Jambo hili si geni. Miaka ya 1920, Charles Brannock wa Syracuse, Marekani, alitengeneza kifaa cha chuma kinachopima vitu vitatu kwa pamoja: urefu wa mguu mzima, urefu kutoka kisigino hadi kwenye kifundo cha kidole gumba, na upana. Kifaa hicho kinatumika hadi leo. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuuziwa viatu vya mbio za baiskeli vya bei ya redio na televisheni kwa pamoja bila mguu wake kupimwa hata kwa rula.

Kiatu cha kawaida hujikunja, hulegea na mwishowe hufuata umbo la mwenyewe. Soli ya kiatu cha mbio imeundwa isikunjike, iwe ya nailoni au ya kaboni, ili nguvu ya mguu ifike kwenye pedali bila kupotea njiani. Chini yake kuna kleti, kile kipande kinachojinasa kwenye pedali. Mguu hauna pa kwenda. Anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika hukanyaga mara 5,400 kwa saa, kila mguu. Kisigino kikichezacheza kidogo tu katika kila mzunguko, ngozi itachubuka kabla ya safari kwisha.

Hapo ndipo wenye miguu myembamba wanapokimbilia dawa isiyotibu: kukaza. Kiatu kinapwaya, basi mkanda unavutwa mpaka mwisho, au kitufe cha kuzungusha kinachokaza kamba za kiatu kinakazwa mpaka kigome. Kinachobanwa si ubavu wa mguu wenye nafasi tupu, ni mgongo wa mguu, mahali ambapo mishipa ya fahamu inapita kuelekea vidoleni. Baada ya muda vidole vinapata ganzi na unyayo unawaka moto. Mwendeshaji analaumu pedali, analaumu kiti, hata fundi aliyefunga kleti halali salama. Akilegeza, kisigino kinapanda. Akikaza, ganzi inarudi.

Dawa ya pili ni mbaya zaidi: kushuka namba. Kiatu cha 41 kwa mguu wa 42 kitabana ubavuni, ni kweli, lakini vidole vitagonga mbele na kucha zitageuka nyeusi.

Viwanda navyo vina lawama yao. Mwenye mguu mpana amekumbukwa: Shimano hutoa aina pana za baadhi ya viatu vyake, na Sidi ya Italia, ambayo viatu vyake vya kawaida vina sifa ya wembamba, ina aina pana iitwayo Mega. Anayetaka chembamba kuliko kawaida ana milango michache. Bont ya Australia ni mmojawapo. Hutengeneza upana wa aina kadhaa, na viatu vyake hulainishwa kwa joto la kadiri kwenye oveni ya nyumbani kisha vikafinyangwa mguuni. (Asijaribu mtu kuoka kiatu cha kampuni nyingine kwa kuiga, gundi itaachia.) Njia nyingine ni viatu vya kike, ambavyo kwa kampuni nyingi huwa na kisigino chembamba zaidi. Mwanaume anayeona haya na akumbuke kwamba kwenye mlima hakuna anayetazama kibandiko cha boksi.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na vijana wengi wa ukanda huu wakaona kwa macho yao watu wakipanda kilima cha Kimihurura chenye barabara ya mawe. Atakayevutiwa huenda akaanza na kiatu cha mtumba, na mtumba hauna namba ya pili ya kubadilishia. Kwa hiyo akipime pale pale. Aende jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zile zile za kuendeshea. Achomoe soli ya ndani, asimame juu yake: ikionekana kingo pana pande zote mbili za wayo, kiatu hicho si chake. Kisha akivae na kukifunga bila kukikaza sana. Pande mbili za juu zikikutana katikati, nafasi ya kukaza imekwisha kabla safari haijaanza. Mara nyingi miguu miwili hailingani, kwa hiyo avijaribu vyote viwili. Nafasi ikizidi kidogo tu, soli ya ndani iliyo nene zaidi inaweza kuijaza. Ikizidi sana, aache.

Wauza baiskeli wanaweza kuanza kesho kwa karatasi, kalamu na rula: mteja asimame, mguu uchorwe, upana uandikwe kando ya namba. Naye mteja, akilazimika kuchagua kati ya kaboni inayopwaya na nailoni inayomkaa, achukue nailoni. Akikosa vyote, pedali bapa na raba za kawaida zitamfikisha mbali kuliko kiatu cha kifahari kinachomtia ganzi.