Dishi tunalitaka, na swichi iwekewe sheria

Makamanda, kila mtandao ukisumbua nchi hii lazima mtu aandike kwenye grupu: "Starlink ije tu, tumalizane nao." Baada ya Oktoba 29, 2025 wimbo huo umezidi. Mtandao ulizimwa siku ya uchaguzi na haukurudi mpaka Novemba 3. Siku zile watu walikuwa wanatafuta ndugu zao, hawajui nani yuko wapi, na simu mkononi imekuwa tochi tu. Hasira hiyo naielewa, ninayo hata mimi.

Ila tusidanganyane. Leo nasema mambo mawili na nataka myabebe yote mawili. Kwanza, intaneti ya setilaiti ni haki ya kaya za vijijini, na serikali ya CCM haina sababu ya maana ya kuendelea kuichelewesha. Pili, dishi peke yake halitatukomboa na mkono unaozima mtandao. Anayeishikilia hoja ya kwanza na kuitupa ya pili atakuja kulia tena 2030.

Tuanze na kijijini. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu asilimia 65 tunaishi vijijini. Sasa angalia serikali yenyewe imefanya nini. Mkopo wa HESLB unaombwa mtandaoni. Ajira za serikali ni Ajira Portal. Zabuni ni mfumo wa NeST. Kusajili kampuni BRELA ni mtandaoni. Yaani dola imehamisha ofisi zake kwenda kwenye intaneti, halafu mtoto aliyemaliza kidato cha sita ndani kabisa Uvinza au kwenye delta ya Rufiji anaambiwa eti mtandao ni anasa. Anapanda bodaboda mpaka mjini, anakaa foleni steshenari, analipia mtu amjazie fomu, na akikosea jina la mama anarudi tena wiki ijayo kwa nauli nyingine. Ukikosa intaneti leo umekosa ofisi ya serikali.

Wakibanwa wanatoa takwimu za TCRA: laini za intaneti zimepita milioni 50. Sawa, lakini laini si mtu, na mtu si kaya. Wengi wetu tuna laini mbili tatu. Takwimu hiyo haikwambii kama bibi yako anapanda kichuguu kutafuta "network", wala kama zahanati ya kijiji inaweza kutuma taarifa ya mgonjwa.

Wanataja pia minara 758 iliyosainiwa Dodoma Mei 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, yaani UCSAF. Mimi minara siipingi. Kila mnara unaowaka kijijini ni jambo jema, hata kama aliyekata utepe ni wa chama kile. Lakini hesabu ya mnara inajulikana: unahitaji umeme, barabara ya kupeleka mafuta na mafundi, na wateja wa kutosha ili kampuni isipate hasara. Mkongo wa Taifa nao unafuata barabara kuu na miji. Kijiji chenye kaya 80 zilizotawanyika kwenye milima au visiwa hakiingii kwenye hesabu hiyo. Hakijawahi kuingia, na kikingoja faiba kitangoja miaka mingi sana.

Hapo ndipo setilaiti inapoingia. Na wala si kitu kipya Tanzania. Migodi, mabenki na kambi za kitalii porini wametumia VSAT kwa miaka mingi. Anga lilishafunguliwa zamani kwa wenye pesa. Kilichobadilika ni teknolojia. Setilaiti za zamani ziko karibu kilomita 36,000 juu, kwa hiyo mawimbi yanachelewa kwenda na kurudi, na gharama ilikuwa ya kampuni, si ya mkulima. Hizi mpya kama za Starlink zinazunguka karibu kilomita 550 tu juu yetu. Unaweza kuongea kwa video na daktari bila kukatana maneno.

Bei? Tuwe wakweli, si rahisi. Kenya mwaka 2024 dishi dogo liliuzwa shilingi zao 27,000, ambazo kwetu zinavuka laki tano. Lakini walikuwa na kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 za Kenya, kama elfu ishirini na tano zetu. Kaya moja ya mkulima wa mihogo haiwezi kununua dishi. Shule inaweza. Zahanati inaweza. AMCOS inaweza. Kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu, akikopeshwa na halmashauri ile mikopo ya asilimia 10, anaweza kuweka dishi na kuwauzia majirani kwa saa. Dishi dogo linakula kama wati 25 hadi 40, kwa hiyo paneli ya sola yenye betri ya maana inalibeba. Taa moja ya sola haitoshi, hilo nalo tuseme. UCSAF ipo kisheria tangu 2006 kwa ajili ya maeneo ambayo soko limeyakimbia. Basi ilipie madishi ya shule na zahanati ambako mnara hautafika leo wala kesho. Hiyo ndiyo maana ya neno "kwa wote".

Sasa angalia ramani. Rwanda, Kenya, Malawi, Msumbiji na Zambia zote zilifunguliwa huduma ya Starlink mwaka 2023. Burundi, ambayo tumezoea kuihurumia, iliruhusu 2024. Congo waliipiga marufuku Machi 2024, wakajisahihisha na kuipa leseni Mei 2025. Tanzania imezungukwa, na mpaka naandika hapa huduma hiyo haijafunguliwa rasmi kwetu. Ukiuliza, jibu ni "taratibu". Mimi nasoma sheria, na kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kwamba mamlaka ya umma inayofanya uamuzi unaogusa haki za watu inapaswa kuwa na sababu na kuzisema. Kama kampuni haijatimiza sharti, litajeni sharti. Kama ni kodi, semeni kodi. Kama ni ofisi nchini, semeni ofisi, na muwape tarehe.

Wataleta visingizio. Eti usalama wa taifa. Usalama gani ambao Rwanda hawaujui? Eti tutaua kampuni zetu za simu. Hiyo hoja imeshajibiwa Nairobi. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikitaka watoa huduma wa setilaiti wasipewe leseni ya kujitegemea, wafanye kazi chini ya kampuni za simu. Mamlaka haikuwafukuza wa setilaiti. Kilichofuata ni kwamba Septemba ya mwaka huohuo Safaricom ikaongeza kasi ya faiba yake ya majumbani kwa bei ileile. Ushindani haukumuua mtu, na mteja alipata nafuu hata yule asiyekuwa na dishi.

Mwenye akili hapa anajiuliza: kama visingizio vyote vinaanguka, kwa nini wanasita? Sina barua ya siri mkononi, kwa hiyo nafanya kazi ya mwanasheria, naangalia mwenendo. X ilifungiwa Mei 2025. JamiiForums ikasimamishwa siku 90 Septemba 2025. Oktoba 29 mtandao wote ukazimwa. Serikali yenye tabia hii haitakuwa na haraka ya kuruhusu njia nyingine ya mawasiliano isiyopita kwenye mkongo na minara inayoishika mkononi. Kila mtu apime mwenyewe.

Hapa sasa nawageukia nyie wa "Starlink ije tuwakomeshe". Zimbabwe, Aprili 2024, watu walikuwa wameingiza madishi kimyakimya. Serikali ikaamuru, kampuni ikazima, na huduma halali ikaanza baadaye mwaka huohuo. Uganda, Januari 2026, wiki mbili kabla ya uchaguzi, kampuni ilizima huduma kwa sababu haikuwa na leseni na mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imedai hivyo. Halafu siku mbili kabla ya kura mtandao wa kawaida nao ukazimwa. Waliotegemea dishi walikaa gizani pamoja na wenzao.

Somo ni rahisi. Kampuni ya setilaiti ni mfanyabiashara. Bila leseni, inazimwa kwa kuwa haina leseni. Ikiwa na leseni, inatii masharti ya leseni, na masharti yanaandikwa na walewale. Juu ya hapo kuna mwenye kampuni. Elon Musk mwenyewe alikiri 2023 kwamba alikataa kuwasha huduma karibu na Crimea Waukraine walipoiomba kwa ajili ya shambulio. Uwe unamwona shujaa au la, huo ni uamuzi wa mtu mmoja ambaye hakupigiwa kura na yeyote. Hatuwezi kumtoa waziri kwenye swichi tukamweka bilionea wa Marekani, halafu tukaita hiyo demokrasia.

Kwa hiyo vita vyetu viko kwenye sheria. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Najua watakuja na Ibara ya 30, kwamba haki zina mipaka. Ni kweli, lakini mipaka hiyo yenyewe inatakiwa itokane na sheria, si simu ya usiku kutoka kwa mkubwa. Mahakama ya ECOWAS ilisema hivyo Juni 2020 kwenye kesi ya Togo: serikali ilizima mtandao 2017 bila msingi wa kisheria, ikakutwa imevunja haki. Hukumu hiyo haiifungi Tanzania, lakini hoja yake inabebeka. Na Tamko la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, la 2019, linazikataza nchi kuzima mtandao.

Tunachodai ni hiki, na kila tawi la vijana likibebe:

Moja, TCRA itangaze hadharani masharti ya leseni ya intaneti ya setilaiti, muda wa kujibu maombi, na sababu za kila ombi lililokwama. Milango iwe wazi kwa kampuni zote, isiwe zawadi kwa Starlink peke yake.

Mbili, UCSAF igharamie madishi kwa shule, zahanati na ofisi za vijiji ambavyo havimo kwenye mpango wa minara, na orodha ya vijiji hivyo ichapishwe.

Tatu, vijana wanaotaka kuuza huduma kijijini wapewe kibali chepesi, wasifukuzwe na faini kama wauza gongo.

Nne, sheria iseme wazi kwamba hakuna waziri, mamlaka wala kampuni inayoweza kuzima mtandao wa nchi au wa mkoa bila amri ya mahakama iliyotolewa hadharani, yenye sababu na yenye mwisho. Sharti hilo liandikwe ndani ya kila leseni, ya mnara, ya mkongo na ya setilaiti.

Bila hilo la nne, haya matatu ni bando zuri la kutumia mpaka siku wakiamua.

Kazi ya wiki hii: kila tawi liorodheshe shule na zahanati za kata yake zisizo na mtandao, kwa jina la kijiji na umbali mpaka penye "network". Msijaze kwa kukisia, nendeni. Orodha hizo tukizikusanya, UCSAF na TCRA hawatasema tena hawakujua, na sisi hatutabaki kulia kwenye grupu kila mtandao ukikatika.