Bichi ya umma bila choo ni mchanga tu

Wewe unayepanga kushuka Mombasa Desemba hii, na tayari umechagua kofia, miwani na wimbo wa kuweka kwenye video, hebu nikuulize swali ambalo hakuna mtu huuliza kwenye grupu la safari: ukifika Pirates, utaenda choo wapi?

Usicheke. Watu hupanga treni, hupanga nyumba ya kulala, hupanga hadi nani atabeba spika. Choo hakuna anayekipanga. Halafu saa nane mchana, jua limewaka, madafu mawili na soda moja tumboni, mtoto wa dada yako anakuvuta mkono, "Anko, nimebanwa." Hapo ndipo unajua swali lilikuwa na maana kuliko spika.

Hoja yangu ni fupi. Wakenya tumezoea kupima bichi kwa mchanga na rangi ya maji. Mimi nasema bichi ya umma ipimwe kwa vitu vinne: njia ya kuifikia, choo, maji yasiyo ya chumvi ya kujisuuza, na mtu wa kukuokoa ukizidiwa. Mchanga na bahari Mungu ametupa bure. Hivyo vinne ni kazi ya watu, na ndivyo vinaamua kama bichi ni ya umma kweli ama ni ya umma kwenye bango tu.

Tuanze na mahali penyewe. Pirates ni jina la mtaani. Jina rasmi ni Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, pale Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Ukitoka mjini unavuka Daraja la Nyali, unashika barabara ya Malindi, unamwambia kondakta "Pirates" na anakushusha stejini. Unaingia upande wa kulia, unatembea kidogo tu, na bahari hiyo. Hakuna anayekuuliza umelala chumba namba ngapi.

Hiyo ndiyo sababu panajaa vile panajaa. Pwani ya Kenya ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, lakini mahali ambapo mtu asiye na gari wala chumba cha hoteli anaweza kufika majini kwa nauli ya matatu si pengi. Nenda siku ya Idd ama siku moja baada ya Krismasi uone. Kuna mama ameingia majini na buibui lake, kando yake kuna msichana wa bikini, na kati yao kuna mzee amekunja suruali hadi magotini anacheka peke yake kwa sababu ni mara yake ya kwanza kuonja chumvi ya bahari. Hakuna anayemsumbua mwenzake. Sijui mahali pengi Kenya ambapo watu tofauti hivyo hukaa pamoja bila kuulizana kabila wala kadi ya mwaliko.

Na sheria iko upande wao. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yaani hoteli inaweza kumiliki viti, baa na bwawa la kuogelea, lakini ule mchanga unaofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa si wa mtu. Ni wangu na ni wako.

Shida ni kwamba Katiba ilikupa mchanga, haikukupa helikopta ya kuufikia. Kama ploti zimepangana ukuta kwa ukuta kutoka barabarani hadi majini, haki yako inabaki ng'ambo ya ukuta ikikungoja. Mimi nimewahi kurudishwa na bawabu kwenye kinjia kando ya hoteli moja huko pwani ya kusini. Akaniambia hiyo ni njia ya wageni. Nikamuuliza, "Na mimi ni nani, bosi?" Akaangalia viatu vyangu, hakujibu. Kwa hivyo mtu akikuambia bichi zote za Kenya ni za umma, muulize mara moja: tunaingilia wapi?

Sasa kidogo kuhusu bahari yenyewe. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa, lakini hili halitaki digrii. Mbele ya Bamburi kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo. Ule mstari mweupe unaouona kwa mbali ni mawimbi ya Bahari Hindi yakivunjikia huko nje. Upande wa ndani maji ni tulivu na hayana kina kirefu, ndiyo maana hata sisi tusiojua kuogelea tunaingia kwa ujasiri wa kukodi tyubu.

Lakini utulivu huo una ratiba. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila mwendo ukichukua kama saa sita, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake hukaribia mita 4. Hiyo ni zaidi ya watu wawili, mmoja akisimama juu ya kichwa cha mwenzake.

Hiyo inakuhusu vipi? Unafika saa nne asubuhi maji yamepwa, mchanga umeenda mbali, unaweka nguo na simu hapo chini na kuingia kucheza. Saa nane maji yamerudi. Pale yalipokuwa yakikufika magotini sasa yako kifuani, na nguo zako zinaelea. Wazee wa Pwani husema maji yakijaa hupwa. Mgeni anahitaji kuambiwa upande wa pili pia: yakipwa hujaa, tena bila kupiga honi. Na yanapopwa, hutoka kupitia nafasi zilizo kwenye mwamba, na karibu na nafasi hizo mkondo huvuta kuelekea nje. Mvuvi wa Bamburi analijua hilo tangu utotoni. Kijana wa Nakuru ama Kitui aliyeshuka treni Miritini jana hajui, na hatujui kwa nini tunategemea ajue.

Bango moja kubwa, kwa Kiswahili rahisi, likionyesha saa za maji kujaa na kupwa za siku hiyo na sehemu za kutoingia, lingemwambia. Hesabu za maji hujulikana mapema mwaka mzima, na meli zinazoingia Kilindini huzitumia. Kama meli inaambiwa, mtoto wa darasa la tano aniambie kwa nini yeye asiambiwe. Na tafadhali, ile tyubu ya gari unayokodi ni ya kuchezea. Haikuokoi ukiteleza katikati yake. Anayeokoa ni mwokoaji aliyefunzwa, anayelipwa, aliyekaa mahali pa juu anapoona maji yote, na mwenye boya na kamba. Kama hujamwona ukifika, usipeleke mtoto ndani.

Kuna mengine mawili nikuambie ili usije ukalaumu bahari bure. La kwanza, ufuo huu unatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma yako, upande wa barabara. Ile picha ya jua likizama majini huipati hapa, amka saa kumi na mbili asubuhi. La pili, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba hivi, upepo wa kusi ukivuma, majani ya bahari hutupwa mchangani rundo kwa rundo na kunuka. Wageni hupiga picha na kuandika "uchafu". Bana, huo si uchafu. Ni majani yanayoota chini ya bahari, na yakilala pale husaidia kushika mchanga usibebwe na mawimbi. Uchafu ni ile chupa ya plastiki imenaswa katikati yake, na hiyo haikuota baharini.

Turudi kwa choo sasa, maana najua ulidhani nimesahau.

Mwanamume akibanwa atatafuta nyuma ya mti. Ni aibu, lakini atatafuta. Dada yako aliye kwenye siku zake ataenda wapi? Mama mwenye mtoto mchanga atambadilisha nguo wapi? Mtu wa kiti cha magurudumu, ambaye tairi zake huzama kabla hajaona maji, atapita wapi? Majibu yake ni rahisi: hawaji. Ama wanakuja, wanakaa saa moja bila kunywa maji, wanaondoka. Mahali pasipo choo safi hapafukuzi watu kwa bango. Panachuja polepole hadi wanabaki vijana wa kiume peke yao. Halafu tunashangaa kwa nini familia zinasema bichi ya umma ni ya wahuni.

Na si heshima tu. Mbele ya ufuo huu kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, inayosimamiwa na KWS. Wenye boti hupeleka wageni huko kuona samaki na matumbawe, na kuna vijana wengi wanalipia kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. Kinachoachwa mchangani leo, bamvua inakibeba kesho kwenda huko huko. Kwa hivyo tundu moja la choo likikosekana Bamburi, samaki naye analipa, na mwenye boti analipa.

Najua utaniambia Wakenya ni wachafu, kwamba hata vikijengwa wataviharibu. Nimesikia. Lakini choo cha umma hakidumu kwa sababu watumiaji ni malaika. Kinadumu kwa sababu kuna mtu amekaa mlangoni, ana maji, ana sabuni, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Weka kikundi cha vijana wa Bamburi wakisimamie kwa ada ndogo inayojulikana, mtoto na mlemavu waingie bure, uone kama kitanuka.

Mwingine atasema basi tuweke geti, tutoze kiingilio. Hapo ninakataa kabisa. Baba mwenye watoto wanne ameshalipa nauli ya watu sita kwenda na kurudi. Akilipishwa na mchanga, mwaka ujao atawaonyesha watoto bahari kwenye simu. Toza maegesho. Toza bafu la maji yasiyo ya chumvi. Toza vibanda kodi ya haki. Mchanga uache, huo tulishapewa na Katiba.

Na vibanda visifukuzwe kila kukitangazwa usafi. Mama wa mhogo na viazi karai, kijana wa achari, mwenye ngamia, mpiga picha, muuza madafu: hao ndio huduma pekee ambazo bichi hii imekuwa nazo miaka yote bila tenda wala sherehe ya uzinduzi. Wapange, wape maji na pipa la taka, waandike bei zao mgeni azione. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Mwenyeji hawezi kupona akiwa anakimbizwa.

Pesa zitoke wapi? Kaunti hutengeneza bajeti kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikizwe kabla haijapitishwa. Mikutano hiyo huwa na viti vingi vitupu, na vijana hatuonekani, kwa sababu tunadhani ni mambo ya wazee. Kwenye bajeti hiyo ndimo choo cha Bamburi kinaingia ama kinaachwa. Ukiishi Mombasa, uliza mkutano wa wadi yako ni lini. Simama, sema maneno manne: njia, choo, maji, mwokoaji. Huhitaji Kiingereza cha kortini.

Ukiwa mgeni, fanya yako. Angalia saa za maji kabla ya kutoka nyumbani. Mtafute mwokoaji kwa macho kabla ya kuvua viatu. Beba mfuko wa taka zako. Nunua mhogo kwa yule mama na usibishane naye juu ya shilingi kumi wakati hoteli ulilipa bila kuuliza.

Halafu ukiposti zile picha zako mia mbili za miguu na mawimbi, ongeza moja tu ya choo, vile ulikikuta. Kikiwa kisafi, sifu waliokisafisha. Kikiwa kibaya, andika tarehe na mahali. Bahari imepigwa picha ya kutosha, wasee, na haijawahi kuhitaji kurekebishwa.