Tanga ijenge reli ya mezani

Wajerumani walianza kutandaza reli Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, kisha Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Baada ya njia hiyo kulala kwa miaka mingi, treni zilirejea Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka uliofuata. Kila reli inapotajwa Tanga, maneno hukimbilia mambo makubwa: kilomita, vichwa vipya vya treni, mabilioni ya shilingi. Mambo hayo ni ya lazima. Pamoja nayo, hata hivyo, mkoa huu unahitaji kitu kidogo ambacho seremala wa mtaani anaweza kukianza wiki hii, nacho ni reli ya mezani ya kufundishia upangaji wa mabehewa. Iwekwe Makumbusho ya Urithi, ndani ya Boma la zamani, na katika kila shule ya ufundi mkoani.

Nasema upangaji wa mabehewa kwa sababu akili ya reli iko yadi, kwenye ile kazi ambayo wenyewe huiita shantingi. Treni ikishashika njia kuu, dereva hana pa kukata kona. Maamuzi yote magumu yalishafanywa kabla haijaondoka. Chukua treni ya mizigo inayotoka Tanga ikiwa na mbolea ya Korogwe na saruji ya Moshi. Behewa la Korogwe likifungwa katikati ya yale ya Moshi, njiani itabidi treni ikatwe, irudishwe nyuma, isukumwe na kuungwa upya, huku dizeli ikiungua na njia ikiwa imezibwa. Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na bandari ya Tanga na shehena ikaletwa gatini kwa matishari. Leo gati lina urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, na meli inafunga hapo hapo. Shehena ikishuka haraka na yadi ikibaki nyuma, foleni itakuwa imehama tu kutoka baharini kuja nchi kavu.

Ubao mdogo unalifundisha somo hilo kuliko hotuba. Mwingereza Alan Wright alibuni fumbo ambalo wapenzi wa reli ndogo duniani kote wanalijua kwa jina la Inglenook. Lina reli tatu na pointi mbili, yaani mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Reli ndefu inabeba mabehewa matano, na nyingine mbili zinabeba matatu kila moja. Upande wa pili wa pointi kuna kipande cha kuvutia mabehewa, chenye nafasi ya kichwa na mabehewa matatu tu. Mabehewa yako manane. Kila behewa lina karatasi yake; mchezaji anaokota karatasi tano kwa bahati nasibu, na kazi yake ni kuyapanga mabehewa hayo matano kwenye reli ndefu kwa mfuatano ule ule wa karatasi. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Anayeona ni jambo jepesi na ajaribu kulitoa behewa la mkonge lililoziba nyuma ya mawili ya saruji, huku nafasi ya kupumulia ikiwa imebaki moja.

Kuupanga ubao wenyewe ni somo jingine. Reli ya Tanga ina upana wa mita moja. Katika kipimo cha moja kwa 87, reli ndogo ya milimita 12 inaiwakilisha vizuri, na behewa la mita 10 linakuwa na sentimita 11 na nusu. Ukijumlisha urefu wa mabehewa, pointi na kipande cha kuvutia, fumbo lote linakaa kwenye ubao wa mita 1.8 kwa sentimita 30. Mwanafunzi anapaswa kuanza kwa karatasi na mkasi: akate mabehewa ya karatasi, ayalaze juu ya mchoro, apime. Atagundua kwamba akikifupisha kipande cha kuvutia kwa behewa moja, mipangilio iliyokuwa rahisi inageuka mateso, na akikirefusha sana, fumbo linapoteza makali. Hapo ameshajifunza kwamba uwezo wa yadi nzima unaweza kuamuliwa na sentimita chache za reli ambayo hakuna mzigo unaopakiwa juu yake.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Historia inasema vinginevyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kampuni ya reli ya Lancashire na Yorkshire huko Uingereza ilijenga reli ndogo mjini Manchester kwa ajili ya kuwafundisha watu wa ishara, watu wazima waliobeba roho za abiria mikononi. Nchini Marekani, klabu ya reli ndogo ya chuo cha MIT, iliyoanzishwa mwaka 1946, ililea vijana waliohama kutoka kuunganisha nyaya za pointi hadi kuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa programu za kompyuta. Wengine watauliza kwa nini tusitumie kompyuta tangu mwanzo. Itumike, lakini baada ya ubao. Kioo kina nafasi ya mtu mmoja. Meza inazungukwa na watu sita, na wanaobishana juu yake ndio wanaojifunza. Kijana aliyekwama mezani atakuwa na sababu ya kuandika programu ya kutafuta njia fupi zaidi.

Pingamizi zito ni la fedha, kwani zipo shule zenye upungufu wa madawati. Ndiyo maana napendekeza kitu kidogo. Kinachopandisha gharama ni kichwa cha umeme kutoka nje, na fumbo halikihitaji: mabehewa ya mbao yanaweza kusukumwa kwa mkono na pointi kuvutwa kwa kijiti, mradi sheria zifuatwe. Udogo huo unajibu pia wanaohofia kwamba tutaishia kuupamba ukoloni. Sanamu kubwa ya treni ya moshi ya mwaka 1911 ingekuwa kumbukumbu ya njia iliyojengwa kwa faida ya mashamba ya walowezi. Ubao wa yadi unahusu kazi ya leo na ya kesho, na hata reli ya kisasa ikijengwa kutoka Tanga, upana utabadilika lakini hesabu ya kupanga mabehewa itabaki ile ile.

Tanga ina msemo wake: waja leo, waondoka leo. Wageni hawautimizi, ila mizigo inapaswa kuutimiza. Shirika la Reli litoe mchoro wa yadi ya Tanga, bandari itaje aina za shehena zinazopita, makumbusho yatoe meza, na walimu wa ufundi wawape wanafunzi mbao na misumeno. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri bajeti ya taifa.